Chati ya moyo iende wodi ya mifupa

Mwaka 1948 watafiti wa Framingham, Marekani, walianza kuwafuatilia watu wazima 5,209 wajue kinachoharibu moyo. Humo ndimo ilimozaliwa kazi ya kumpa mtu alama za hatari ya moyo. Mwaka huohuo Davies, daktari wa hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya ugonjwa unaokakamaza kuta za ndani za moyo, aliokuwa akiuona kwa wagonjwa wa Uganda. Ugonjwa huo hauna mstari katika alama hizo mpaka leo.

Ndiyo maana, wengine wanapotaka waliolazwa wapimwe kwa chati za alama hizo, wapo wanaouliza: chati hizi zinatafuta nini katika hospitali zetu? Hoja yao ina uzito. Chati ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya 2019 inaanzia miaka 40. Binti wa miaka 19 ambaye vali zake, yaani milango ya moyo, zimeliwa na homa ya rumatiki, ile inayofuata koo lisilotibiwa, hayumo; yeye anahitaji sikio la daktari na kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Aliyekwisha kupigwa kiharusi naye hayumo, kwa kuwa chati imetengenezwa kwa mtu ambaye moyo na mishipa yake bado haijaugua. Kuizungusha katika wodi ya moyo ni kupiga ramli juu ya jambo lililokwisha kutokea.

Lakini upande wa pili nao haujakosea. Ile chati ya WHO isiyohitaji maabara inauliza umri, jinsia, sigara, presha, na uzito ukilinganishwa na urefu, basi. Jibu ni rangi: kijani ni hatari ya mshtuko wa moyo au kiharusi chini ya asilimia 5 kwa miaka 10 ijayo, nyekundu iliyoiva ni asilimia 30 au zaidi. Muuguzi anamaliza kwa dakika chache bila kutoa tone la damu. Kwa wengi, kulazwa ndiyo mara ya kwanza mkono kufungwa kitambaa cha presha.

Kwa hiyo kosa naliona katika wodi tunayochagua. Mtu wa chati hii ni mzee wa miaka 52 aliyeangushwa na boda boda, mguu umevunjika, moyo haujawahi kumuuma. Ila hapo pana mtego: maumivu hupandisha presha. Ukimpima usiku wa ajali, anageuka mwekundu bila sababu. Apimwe karibu na kuruhusiwa, ameketi, ametulia, na zaidi ya mara moja. Tena awe na pa kupata dawa, maana rangi bila vidonge ni kumtisha mzee wa watu bure.

Uzito nao utampatia wapi, na mguu uko kwenye plasta? Hawezi kusimama kwenye mizani. Mkewe anayemuuguza, aliyelala mkekani kando ya kitanda wiki nzima, anaweza. Naye ana miaka 48, na hakuna aliyemuuliza chochote zaidi ya "Mama, dawa umenunua?"