Wamempa kwa Kufanya Nini?

Mwaka uliopita nilialikwa kwenye hafla ya kuwatuza wanasayansi vijana, na miongoni mwa waliotuzwa alikuwamo mwanafunzi wangu wa zamani, binti kutoka Siyu, kisiwani Pate, niliyemfundisha fizikia hapa Amu, yaani Lamu, kwa miaka minne. Aliitwa jukwaani, akakabidhiwa cheti na kikombe, akapigwa picha pamoja na wageni wa heshima, kisha akarejea kitini pake. Mshereheshaji alisema tu kwamba yeye ni mtafiti bora chipukizi katika nyenzo za kisasa na teknolojia za nishati, na baada ya hapo ikafuata hotuba ndefu kuhusu maendeleo. Tulipokuwa tukitoka ukumbini, bibi yake, aliyekuwa amesafiri kwa boti na kwa basi ili amwone mjukuu wake akiheshimiwa, alinigeukia akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, wamempa kwa kufanya nini?"

Nilimweleza siku ya pili, tukiwa tunangoja boti Mokowe. Mjukuu wake huchemsha maganda ya mkoko na kuyachuja ili apate tanini, yaani ile dawa inayoyapa maji ya mkoko wekundu na ukakasi, kisha huipaka juu ya chuma na kukiacha chuma hicho katika hewa ya bahari. Tanini inapokutana na kutu hushikamana nayo na kuunda utando mweusi wenye kuelekea buluu, na utando huo huipunguzia kasi chumvi isiendelee kula kwa pupa. Anachokitafuta binti ni kiasi na namna ya kupaka ambavyo vitaiwezesha fremu inayobeba paneli za jua, juu ya paa la Faza au Kizingitini, kuishi miaka mingi zaidi bila kubadilishwa. Bibi hakuhitaji kuelezwa mara ya pili, kwa kuwa tangu utotoni ameona nyavu zikitiwa maji ya mkoko zisioze. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa kilichowazuia kusema hayo ni kitu gani?"

Sikuwa na jibu, na makala haya nimeyaandika kwa sababu hiyo. Msimamo wangu ni kwamba kumtunuku mtafiti bila kuitaja kazi yake ni kumpa chombo kisicho na kitu ndani, na kwamba katika elimu ya nyenzo na nishati kasoro hiyo ni kubwa kuliko penginepo, maana kazi ya watafiti hao hujificha ndani ya vitu. Mkimbiaji tunamwona akikimbia na mshairi tunamsikia akighani, lakini aliyegundua namna ya kuufanya utando mwembamba kuliko unywele usipitishe unyevu hana wa kumsemea asiposemewa na wanaompa tuzo.

Mafundi wa vyombo wa Matondoni wana mafuta wayaitayo sifa, yatokayo katika maini ya papa, ambayo hupakwa mbao zilizo juu ya maji ili jua lisizipasue. Neno hilohilo ndilo tunalolitumia kwa maneno mema anayosemwa mtu. Kila nikimtazama fundi akipaka sifa naiona tofauti yake na sisi: yeye hurudia kupaka mpaka ubao unywe, hali sisi sifa za watafiti wetu tunazipitisha juu juu tu na kuondoka.

Tuitazame betri ya lithiamu, ambayo leo imo katika kila simu na katika taa nyingi za jua za visiwa hivi. Katika miaka ya 1970 Stanley Whittingham, akifanya kazi katika kampuni ya mafuta ya Exxon, alionyesha kwamba ioni za lithiamu, yaani chembe zake zenye chaji ya umeme, zinaweza kuingia na kutoka katikati ya tabaka za titani na salfa, lakini upande wa pili wa betri yake ulikuwa lithiamu tupu, ambayo haikukawia kuonyesha hatari ya moto. Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake wa Oxford, akiwamo Koichi Mizushima kutoka Japani, walionyesha kwamba oksaidi ya kobalti yenye lithiamu inaweza kutoa takribani volti nne, nguvu iliyokuwa kubwa sana kwa wakati ule. Katika kipindi hichohicho Rachid Yazami, mwana wa Fes nchini Moroko aliyekuwa akitafiti Grenoble nchini Ufaransa, alionyesha kwamba lithiamu inaweza kuingizwa ndani ya grafaiti, kitu kilekile kilichomo ndani ya penseli ya mtoto wa shule, na kutolewa tena bila kuiharibu. Akira Yoshino wa Japani aliunda mwaka 1985 betri ya mfano isiyokuwa na lithiamu tupu, na mwaka 1991 Sony ikaanza kuuza betri za aina hiyo.

Mwaka 2019 Tuzo ya Nobel ya Kemia ilitolewa kwa Whittingham, Goodenough na Yoshino. Goodenough alikuwa na umri wa miaka 97, na hakuna aliyewahi kuipokea Nobel akiwa mzee kuliko yeye. Siwaonei choyo hata mmoja wao, kwa sababu kila mmoja alistahili. Hata hivyo kanuni ya Nobel hairuhusu tuzo moja igawanywe kwa zaidi ya watu watatu, na jina la Yazami halikuwamo, ingawa grafaiti ndiyo iliyomo upande mmoja wa betri nyingi za lithiamu duniani hadi leo. Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 2014, Akademia ya Kitaifa ya Uhandisi ya Marekani ilikuwa imetoa Tuzo ya Draper kwa watu wanne, nao ni Goodenough, Yoshino, Yoshio Nishi wa Sony na huyo Yazami. Betri ni ileile, lakini mlango mmoja ulimwingiza Mwafrika na mwingine ukamwacha nje. Mimi nimesomesha betri darasani kwa miaka mingi nikilitaja jina la Goodenough kila mwaka, na la Yazami nimelijua nikiwa mtu mzima mwenye mvi. Hilo linaniuma, na siwezi kuwalaumu watu wa Stockholm wanaoitoa Nobel kwa jambo ambalo mwenyewe ningeweza kulitafuta.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mwaka 2023, pale Tuzo ya Malkia Elizabeth ya Uhandisi ilipotolewa kwa seli za jua zinazoitwa PERC, zilizobuniwa katika Chuo Kikuu cha New South Wales nchini Australia. Katika seli hizo huongezwa tabaka jembamba upande wa nyuma wa silikoni, ambalo hupunguza upotevu wa umeme na kuurudisha ndani mwanga uliotaka kupita bure. Waliotuzwa walikuwa Martin Green, Andrew Blakers, Aihua Wang na Jianhua Zhao, yaani mkuu wa maabara pamoja na wale walioketi mbele ya tanuri na vipimo. Nimeyaandika majina hayo manne ubaoni, na nikawaambia wanafunzi wangu kwamba paneli nyingi zilizouzwa katika miaka ya karibuni zina kazi ya mikono ya watu hao.

Afrika Mashariki nasi hatukosi wa kuwataja. Mwaka 2015 Askwar Hilonga wa Arusha alikuwa wa kwanza kabisa kushinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi, kwa chujio la maji linalotumia chembe za nano, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, pamoja na mchanga. Mwaka 2022 tuzo hiyo ilimwendea Mkenya Norah Magero, kwa jokofu dogo la kubebeka linalohifadhi chanjo kwa umeme wa jua. Nzambi Matee, anayegeuza plastiki iliyotupwa kuwa matofali ya kusakafia, alitambuliwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa mwaka 2020. Angalia jinsi kila mmoja wao anavyoelezeka kwa sentensi moja anayoielewa hata asiyesoma kemia.

Hapa kwetu yupo mtu ambaye kwa maoni yangu anastahili kuitwa mtafiti wa nyenzo, ijapokuwa watu wa vyuo huenda wakasita. Fundi Ali Skanda wa Lamu aliongoza ujenzi wa Flipflopi, chombo cha tanga chenye urefu wa mita tisa kilichoundwa kwa takribani tani 10 za plastiki iliyookotwa na kuvishwa kandambili zipatazo 30,000, kikashushwa majini Septemba 2018 na mwaka 2019 kikasafiri kutoka Lamu hadi Unguja. Wengi walikipenda kwa rangi zake, nami pia nilikipenda, lakini kinachonishangaza ni kilichomo chini ya rangi. Plastiki hupanuka kwa joto kuliko ubao, hupinda chini ya uzito, wala hainywi maji na kuvimba ili kuziba nafasi kama mbao zinavyofanya chombo kikishakalafatiwa. Kuunda mkuku na mataruma, yaani uti na mbavu za chombo, kwa kitu chenye tabia ngeni kiasi hicho, mpaka chombo kikastahimili mawimbi ya kusi na kaskazi, ni utafiti hata kama haukufanyika ndani ya koti jeupe.

Nimewahi kuambiwa na mwalimu mwenzangu, ambaye namheshimu sana, kwamba heshima hailishi maabara, na kwamba mtafiti akipewa vifaa atasahau habari ya kutajwa. Ni kweli kwamba sheria yetu ya Kenya ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya mwaka 2013 ilizungumzia asilimia 2 ya pato la taifa kwa utafiti, na kiwango hicho hakijawahi kufikiwa. Lakini naona mambo haya mawili yamefungana. Kiongozi asiyeweza kueleza alichokifanya mtafiti aliyempa mkono jana hawezi kumtetea kesho bajeti inapojadiliwa, na mwananchi ambaye hakuambiwa hana sababu ya kumdai kiongozi huyo chochote.

Wala isisemwe kwamba wananchi hawataelewa. Wakati wa mjadala wa mtambo wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, wavuvi na mama wa nyumbani wa Lamu waliijua ile hesabu ya megawati 1,050, walijadili majivu na moshi, na walifuatilia kesi mpaka leseni ikafutwa tarehe 26 Juni 2019. Watu walioweza kulibeba jambo zito kama hilo hawatashindwa na maganda ya mkoko.

Ninalopendekeza ni dogo. Wakati wa Maulidi na wakati wa tamasha la utamaduni tunashindanisha vyombo na punda mbele ya mji mzima, na mshindi hutajwa kwa jina, kwa mtaa na kwa chombo chake. Mahali hapohapo, kwenye ukuta wa forodhani, kaunti ingeweza kuweka kichanja cha majaribio ambapo mtafiti yeyote angeruhusiwa kutundika kipande cha nyenzo yake, iwe rangi, kiungo cha nyaya au fremu ya paneli, kikakaa katika ukungu wa chumvi wa Lamu kwa mwaka mmoja au miwili. Chini ya kila kipande liandikwe jina la mtafiti na sentensi moja ya Kiswahili inayoeleza anachojaribu. Kipo kipimo cha kimataifa cha paneli dhidi ya ukungu wa chumvi, nacho hufanyika ndani ya chumba maalumu. Chetu kingekuwa nje, mbele ya wavuvi ambao ndio wanaojua ni mwezi gani kutu hushika haraka. Kipande kitakachosimama kitatambuliwa na kaunti kwa kununuliwa na kutumiwa.

Kwa sasa tuna kichanja cha muda juu ya paa la shule, tulichokiunda kwa mabaki ya mabomba. Vimo vipande sita vya binti wa Siyu, vitatu vilivyopakwa na vitatu visivyopakwa, na kila likizo huja na mizani yake kuvipima. Mara ya mwisho bibi yake alipanda naye ngazi, akaviangalia kimoja kimoja, akaniomba kalamu ili jina la mjukuu wake liandikwe upya, kwa kuwa jua lilikuwa limeanza kulifuta.