Imekufa, Lakini Fundi Anaitaka

Mashine ya kufulia ikianza kuugua, kila anayepita getini anageuka injinia. Ya kwangu ikifika kwenye kukamua inaondoka. Sitanii. Inatoka ukutani, inaelekea mlango wa jikoni, mpaka waya wa umeme uivute na kuikumbusha kwamba ina kwao. Na kelele ndiyo usiseme. Jirani wa nyuma ameshapiga simu kuuliza kama tunachimba kisima, na kwamba tukipata maji tumfikirie.

Mama watoto ana msimamo mmoja, na hautaki mjadala.

"Baba watoto, hiyo imeshaaga. Nunua mpya."

Anatamka "nunua" hivi hivi, mtu mwenyewe juzi kagombana na muuza nyanya kwa ajili ya shilingi mia. Nikamuuliza, bei ya mpya unaijua? Anaijua. Anayo kwenye simu, pamoja na picha, pamoja na rangi mbili za kuchagua. Kilo saba, ya mlango wa mbele, milioni na ushee. "Na usafiri bure ndani ya Dar," akaongeza. Hapo sikujua tena naongea na mke wangu au na dalali.

Mama mkwe naye, aliyekuja kutusalimia na mpaka leo bado anatusalimia, anasema haoni tatizo liko wapi. "Sisi tumelea watoto tisa kwa karai na sabuni ya mche, na mashati ya shule yalikuwa yanang'aa." Nikiitazama mikono yake namwamini. Lakini sasa atakayefua nani? Ukiuliza swali hilo mezani, wote wanainamia sahani, halafu taratibu wanainua macho na kukutazama wewe.

Mimi nimekabidhiwa kitengo cha jinzi. Jinzi ikiwa kavu ni suruali. Ikilowa ina uzito wa mtoto wa darasa la pili aliyegoma kwenda shule. Unakamua mguu huu, mguu wa pili umeteleza karaini unakunywa maji upya. Ukiianika, kamba inashuka mpaka pindo linabusu mchanga, unaitoa, unasuuza pindo, unaianika tena, kamba inashuka tena. Watoto wanapita, "Pole baba," bila hata kupunguza mwendo.

Kuna mama tumempata wa kutufulia, anatoza kwa beseni. Mchapakazi, simsemi vibaya. Ila beseni halina mizani. Mashuka mawili, beseni limejaa. Soksi za familia za mwezi mzima, nalo hilohilo limejaa. Nikipiga hesabu ya mabeseni kwa mwaka, naona milioni na ushee inanikonyeza kwa mbali.

Basi nikaita fundi. Kijana kaja na bisibisi moja na simu mbili. Hakufungua hata skrubu. Aliweka sikio juu ya mfuniko, akafumba macho, akasema:

"Bodi."

"Bodi imefanyaje?"

"Imeungua, bosi."

Nikamwambia, fundi, taa zinawaka zote. Maji inajaza, inazungusha, inamwaga, na ikimaliza inapiga kile kimluzi chake cha kujisifu. Bodi ndiyo ubongo wa mashine, ikiungua inafanyaje yote haya? Akanitazama kwa huruma ya daktari wa watoto. Bodi laki nne, ufundi tutaongea, na ya kuagiza, maana hapa mjini hakuna. Halafu akashusha sauti.

"Ila nakushauri kama kaka yangu. Hii achana nayo, chukua mpya. Hii niachie mimi, nakupa elfu thelathini, nikuondolee uchafu nyumbani."

Ngoja kwanza. Mzoga una bei? Mimi nimewahi kufiwa na kuku, na hakuna aliyekuja na elfu thelathini kunisaidia kuondoa uchafu. Mtu akikwambia kitu chako kimekufa na mkono ukiwa mfukoni anatafuta hela za kukinunua, mshukuru, mpe maji ya kunywa, mfungulie geti.

Alipoondoka nikafungua mlango wa mashine, nikaingiza mkono ndani ya pipa, nikalishika kwa juu nikalinyanyua. Likacheza. Sasa lile pipa la ndani na la nje lililoning'inia kwenye springi yanatakiwa yanyanyuke pamoja. La ndani likicheza peke yake, kuna jambo. Nikalizungusha kwa mkono, likasaga: krrr, krrr, changarawe tupu. Nikaisogeza mashine, nikamulika nyuma kwa tochi ya simu. Mchirizi wa kutu umeshuka kutoka katikati ya pipa mpaka chini. Kesi imekwisha. Beringi.

Nikueleze, maana hili ndilo wanalolificha. Nyuma ya pipa kuna beringi mbili zinazobeba ekseli yake, na mbele ya beringi kuna oili sili, kipande cha mpira cha kuzuia maji. Sili ikichoka maji yanapita, yanaosha grisi, beringi inaota kutu, ndipo unaposikia kisima kinachimbwa. Yale madoa ya kahawia kwenye mashati meupe, ambayo kijana wangu aligombezwa na mama yake mpaka akaapa kwa Mungu, huenda yalitoka hukohuko nyuma. Na beringi zenyewe si kitu cha ajabu. Kwenye mashine nyingi za saizi hii ni 6205 na 6206, namba zimechapwa ubavuni. Ukienda nayo mkononi kwa wauza beringi wa Kariakoo hupati shida. Anayesumbua ni sili, maana kila kiwanda kina vipimo vyake.

Nilidhani nikileta ushahidi nyumbani mjadala utafungwa. Ndiyo kwanza ukafunguka. Kijana wa sekondari akasoma kwenye simu kwamba matengenezo yakivuka nusu ya bei ya mpya, unanunua mpya. Sawa mwanangu, lakini nusu ya bei ya nani? Bei ya fundi akiona geti, au bei ya fundi baada ya kuambiwa endelea na safari yako?

Jirani wa kulia naye akavuka ukuta na nadharia ya umeme. Mashine kuukuu zinakula Luku, utavuka uniti 75 kwa mwezi, utahamishwa daraja la bei ya umeme, utalia. Sisi tunafua kwa maji baridi, ndugu yangu! Mlaji wa umeme humo ndani ni hita. Weka nyuzi 60 ndiyo uione uniti nzima inavyokwenda kwa mzunguko mmoja. Mota peke yake haina njaa hiyo. Na jirani huyu ndiye aliyenunua mpya mwaka jana, ikaruka siku ya kwanza mpaka ikavunja ndoo, akataka kuirudisha dukani akidai ameuziwa feki. Kumbe zile bolti ndefu za nyuma, zinazofunga pipa lisicheze njiani, hazikutolewa. Kitabu cha maelekezo kilikuwa ndani ya nailoni yake, hakijaguswa, kinanukia upya. Leo ananishauri mimi.

Shemeji yuko Ujerumani. Yeye akatuma ujumbe wa sauti mrefu, tumeusikiliza huku tunakula. Anasema kwao tangu Machi 2021 kuna sheria ya Umoja wa Ulaya: kiwanda kiwe na spea za mashine ya kufulia kwa miaka 10 baada ya ile ya mwisho ya aina hiyo kuingia sokoni, na beringi zimo kwenye orodha. Tukampongeza. Mimi sheria yangu ni ile nyuma ya risiti: "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi."

Na hiyo mpya yenyewe tuiongelee. Nimezunguka madukani, nikawa nauliza swali moja tu: pipa la nje limefungwa kwa skrubu au limechomelewa? Muuzaji anakwambia ina programu 15, ina mvuke, ina Bluetooth. Bluetooth ya nini? Itanipigia simu kwamba mashati yamelowa? Pipa, mwanangu, pipa! Maana siku hizi mashine nyingi pipa la plastiki linachomelewa pande mbili zikawa kitu kimoja. Beringi ya bei ya chakula cha mchana ikifa, unauziwa pipa zima, na bei ya pipa zima ndiyo inayokusukuma dukani tena. Yangu hii mbovu, mbaya, yenye kutembea, ina skrubu kuzunguka pipa lote. Aliyeitengeneza alijua siku moja kuna mtu ataifungua. Mtu wa namna hiyo huwezi kumdharau.

Kwa hiyo nimeamua. Nimempata mzee mmoja anayetengeneza mota za feni na pampu. Hakuweka sikio popote. Alizungusha pipa mara moja, akasema, "Beringi. Na hii sili iliomba msaada siku nyingi." Sharti langu lilikuwa moja tu: kazi ifanyike barazani kwangu, mchana, mbele ya macho yangu. Hakuna cha "nakwenda nayo kijiweni, nitakupigia." Vitu vinavyokwenda kijiweni huwa vinarudi na viungo vya wenzao.

Leo ndiyo baraza limejaa. Pipa liko huku, mota kule, skrubu ziko kwenye kifuniko cha hotpoti ya mama watoto, jambo ambalo bado hajaliona. Kwenye pampu zimetoka sarafu mbili, waya wa sidiria na kijiti cha meno. Mama mkwe ameshika tochi, maana kumbe haya mambo anayapenda. Mzee anagonga beringi ya nyuma kwa nyundo na kipande cha bomba, nayo haitaki kutoka, imeota kutu mpaka imejenga.

Simu ikaita. Fundi wa kwanza.

"Bosi, ile takataka bado ipo? Nimeongea na mtu wangu hapa. Elfu sabini."

Nikaweka spika watu wote wasikie. Mzee, kichwa kikiwa ndani ya boksi la mashine, akajibu bila kugeuka, "Mwambie laki na nusu. Bila mlango."

Mama watoto akatoka jikoni anajifuta mikono kwa kanga, mara ya kwanza tangu sakata hili lianze nikamwona anacheka. Nikajua sasa tuko pamoja.

"Muulize kama anachukua na pasi," akasema.