Mfarishi wa Mama Mkwe

Mwanaume akistaafu hapa Moshi anatakiwa afuge kuku. Ushauri huo nilipewa bure kila kona, kuanzia kijiwe cha kahawa mpaka mlangoni mwa kanisa: kuku wa mayai, kuku wa nyama, chotara. Mmoja aliyenipenda zaidi akanishauri nguruwe. Hakuna aliyesema, "Baba Neema, tafuta cherehani ushone viraka." Hilo nilijishauri mwenyewe, na wapo akina mama wa jumuiya yetu ambao mpaka leo wanaamini ni maradhi yaliyonipata kwa kusubiri mafao.

Nilikuwa mpima ardhi. Miaka yote ya kazi nimeshika futi kamba na kusimika bikoni, na mstari uliopinda hunikosesha usingizi. Sasa nikamwona kwenye simu mama mmoja wa Kimarekani akikata vitambaa, akiviunga, kisha akatandaza kitu kilichonyooka kuliko viwanja vingi nilivyowahi kupima. Nikasema, kumbe kazi yangu ipo, tena hii haina wananchi wa kubishana nao.

Kitu hicho ndicho mfarishi, nao ni matabaka matatu. Juu ni vile vipande vilivyoungwa, katikati ni kitu cha joto, chini ni shuka zito, halafu unapitisha mishono kwenye yote matatu ili la katikati lisitembee. Vipande nilivipata kwa mafundi wa barazani mjini, ambao mabaki ya vitenge huyasukumia kwenye kiroba kama taka. La katikati nilinunua soko la Memorial, blanketi jembamba la mtumba. Fundi mmoja aliponiona nachambua kiroba chake akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mzee wangu, hali imekuwa ngumu kiasi hiki?" Nikamweleza ni burudani tu. Akatikisa kichwa kwa huruma, akakataa hela yangu.

Habari zikafika jumuiya. Jumamosi wakaja na sukari kilo mbili na shati. Sukari tuliinywea chai. Shati lilikuwa pamba tupu, nikalikata vipande.

Ila isije ikadhaniwa ni kazi ya mzaha. Mshono wa mfarishi ni robo inchi, na haujali wewe ni nani. Kila mshono unakula pande mbili. Ukizidisha milimita moja tu kila upande, safu yenye mishono ishirini inapungua sentimita nne, na safu ya jirani inakucheka. Kitenge kipya lazima ukifue kabla hujakikata, la sivyo kitasinyaa kikiwa tayari kimeshaungwa na wenzake, wote wakunjamane. Nyekundu inachuja. Ya kwangu ya kwanza ilichuja kwenye beseni moja na shuka jeupe la Mama Neema, la wageni, na tangu hapo wageni wetu wanalalia waridi. Halafu kuna pasi: kila mshono upigwe pasi kabla ya kuvukia mwingine, na umeme nao ukipenda unakata, ndipo unarudi kwenye pasi ya mkaa, na mkaa una cheche.

Raha yake sasa. Pembe nne za vitambaa zikikutana kwenye nukta moja, bila kupishana hata unywele, mimi huweka mkasi chini nikaita watu. Mara nyingi anayekuja ni mbuzi.

Mama mkwe wangu anaishi Kibosho, huko juu, ambako Julai ukungu unashuka mpaka jikoni. Mwaka huo alikuwa anatimiza miaka 80, na wanawe wakapanga sherehe kubwa: misa, ndafu, mbege, hema la kukodi na MC mwenye spika zake. Shemeji mkubwa akatangaza tangi la maji. Wa pili, ng'ombe wa maziwa. Mimi nikanyamaza, nikajua yangu itawazima wote.

Nikachagua mtindo wa nyumba ya magogo. Unaanza na kipande kidogo chekundu katikati, ambacho Wamarekani husema ndicho moto wa jikoni, halafu unakizungushia vipande virefu pande zote nne, kimoja juu ya kingine, kama ukuta unaojengwa, mpaka upate mraba mmoja, kisha unaiunga miraba. Upande mmoja unaweka rangi za giza, upande wa pili rangi za mwanga. Na kwa kuwa ni zawadi ya mama, nikaona vitenge havitoshi, lazima kuwe na kanga. Mama Neema akanifungulia sanduku, dada zake nao wakachanga zao kuukuu.

Hapa ndipo wanaonilaumu wanapokosea, kwa hiyo nitaeleza polepole. Kanga ina pindo kuzunguka, ina mji katikati, na chini ya mji kuna jina: kisanduku kirefu, chembamba, mara nyingi cheupe chenye herufi nyeusi. Mtu yeyote mwenye macho ya kazi akitafuta gogo la mwanga, refu, lililonyooka, atachukua lipi? Nikayakata yote. Gogo langu lilitakiwa liwe na urefu fulani, jina likizidi nalipunguza, linalobaki linakwenda kwenye gogo la pili. Na kwa kuwa upande wa mwanga niliuweka juu kwenye kila mraba, yakajipanga yenyewe. Tena kitambaa hushonwa uso kwa uso, mgongo ndio unaouona. Mimi nilikuwa natazama robo inchi. Kusoma haikuwa sehemu ya kazi.

Siku ya sherehe zawadi zikaanza. Tangi likapigiwa makofi. Ng'ombe akapigiwa vigelegele, akajibu kwa kujisaidia mbele ya paroko. Ikafika zamu yangu. Nikawapandisha wajukuu wawili kwenye viti, wakaushika mfarishi kwenye ncha na kuuachia.

Watu wakashusha pumzi. Nasema kweli, ulikuwa mzuri. Pembe zote zimekutana. Mama mkwe akainuka nusu kwenye kiti. MC naye akasogea na kipaza sauti, na MC wa Kilimanjaro akiona maandishi hawezi kuyapita bila kuyasoma.

"Ona mkwe alivyomwandikia mama!" akasema. "NANI KAMA MAMA!"

Vigelegele. Mama Neema akanitazama kwa jicho ambalo sijaliona tangu tuoane.

MC akahamia mraba wa pili, safu ileile. "KUMBE ADHABU."

Spika zilikuwa nzuri sana. Nasikia mpaka barabarani walisikia.

Ile kanga ya pili, kabla haijakutana na mkasi wangu, ilisema *Nilikudhani dhahabu, kumbe adhabu*. Dhahabu ilikuwa imebaki kwenye kona ya chini, kichwa chini miguu juu, hakuna aliyeiona. Nilimfanyia MC ishara ya kukata. Akadhani namhimiza.

"Safu ya pili! MGENI SIKU MBILI... NI MATEKE!"

Mateke yalikuwa ya punda, yale ya shukrani. Lakini wageni kutoka Dar, waliofika tangu Alhamisi na mabegi makubwa, wakatazamana. Mmoja akavuta begi lake karibu na mguu.

"Safu ya tatu! MAMA NIPE RADHI..." Hapo nikapata tumaini kidogo. "...TAMAA SIKATI!"

Shemeji mkubwa akasimama. Ni lazima mjue kwamba zamani, nikiwa bado kazini, niliwahi kupima kihamba cha mama, yaani shamba lake la ukoo, kwa wema tu, ili wajue kina ukubwa gani. Tangu siku hiyo shemeji huyu ananihesabia hatua nikienda hata chooni. "Nilisema!" akapaza sauti. "Nilisema mimi, huyu ana jambo na kihamba! Sasa ameandika mwenyewe!"

"Mimi nimeshona," nikamjibu. "Sikuandika."

MC alikuwa ameshainama, pembeni kabisa chini, kwenye herufi ndogo ambazo hata mwenye miwani angeziacha. "Na hapa kuna sahihi," akasema. "MALI YA ABDULLA."

Kimya kikatanda. Shangazi yao, dada wa marehemu baba mkwe, mama ambaye husikia anachotaka tu, akauliza kwa sauti iliyofika madhabahuni: "Abdulla gani?"

Ikabidi nishike kipaza sauti mbele ya kijiji kizima nieleze kwamba Abdulla ni jina alilojulikana nalo Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa, aliyesifika kwa kuweka misemo kwenye kanga mwanzoni mwa karne ya 20, na kwamba kanga zake huandikwa hivyo. Historia ni kitu kizuri, lakini haipendezi kuielezea ukiwa unatokwa jasho. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mama mkwe: "Na wewe ulimjulia wapi?"

Kurudi mjini Mama Neema hakusema neno. Kesho yake ndugu zake wakakaa kikao, nikaletewa hukumu kwa simu: nipande na mbuzi, debe la mbege, na jani la mmea wa isale nikaombe radhi. Nikagoma. Isale naliheshimu, maisha yangu yote nimelikuta mipakani, na najua Mchaga akilipokea mkononi mwako hawezi kukunyima msamaha. Ila radhi ya nini? Maneno ni ya kanga, kanga ni za wanawe, sauti ni ya MC.

Kabla ugomvi haujakomaa, mama mkwe akanipigia mwenyewe. "Baba Neema, njoo. Uje na futi kamba."

Nilipanda Kibosho na futi kamba mkono mmoja na, sitaficha, jani la isale ndani ya koti kwa tahadhari. Nikamkuta uani. Mfarishi ulikuwa umeanikwa kwenye kamba ya nguo, umenyooshwa vizuri, umeelekezwa chini, kwa jirani yake ambaye wanagombania masale ya mpaka tangu hata sijaoa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyu wa hapo chini amesogeza masale yangu," akasema. "Miaka yote natafuta maneno ya kumwambia. Tangu niuanike hapa, jana na leo hajatoka nje."

Nikafungua futi kamba, nikaanza kuelekea kwenye masale.

"Unakwenda wapi? Pima kamba ya nguo." Akaingia ndani, akatoka na kanga zake tatu, akazikunjua mapajani, akavaa miwani. "Huu nitalalia, una joto. Nishonee mwingine wa kuanika, ujae kamba yote. Na haya majina, hili liwe juu, hili lifuate. Usikate hata herufi."

Ndio ninaoushona sasa. Sijawahi kupata kazi iliyonibana hivi, maana gogo lazima lifuate urefu wa tusi. Na juzi kijana mmoja amegonga geti, ni mjukuu wa yule jirani, ametumwa aulize kama nachukua oda, na kama herufi zinaweza kuwa kubwa zaidi ya zile za juu.