Vipokezi vya AMPA vinatoka wapi sinapsi inapoimarika?

Kwa muda mrefu vipokezi vya sinapsi, yaani protini zinazopokea ujumbe kwenye maungio ya seli za neva, vilichorwa kama vitu vilivyogandishwa mahali pamoja, vikisubiri glutamati, kemikali inayobeba ujumbe huo, imwagwe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, makundi ya Antoine Triller jijini Paris na Daniel Choquet huko Bordeaux yalifuatilia kipokezi kimoja kimoja kwenye utando wa seli hai, yakakuta vinateleza. Vinaingia kwenye sinapsi, vinanaswa na protini za chini ya utando kama PSD-95, kisha vinaponyoka.

Ubishi uko hapa: sinapsi inapoimarika huongeza vipokezi vya AMPA, aina mojawapo ya vipokezi vya glutamati. Je, vinateleza kutoka utando wa jirani, au vinaletwa na vifuko kutoka ndani ya seli?

Mwaka 2017 kundi la Choquet lilitumia kingamwili zenye mikono miwili. Kila mkono hushika kipokezi chake, hivyo viwili vinafungwa pamoja na kushindwa kusogea. Sinapsi za hipokampasi ya panya, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, hazikuimarika ipasavyo, na hata kujifunza hofu kukaathirika.

Pingamizi zito linahusu vipimo. Mwanya wa sinapsi una upana wa takriban nanomita 20, na nukta za kwanta, yaani chembe ndogo zinazong'aa zilizotumika zamani kufuatilia vipokezi, zikishavishwa kingamwili, hukaribia au kuzidi upana huo. Kipokezi kilichobebeshwa mzigo kama huo kitaingiaje? Mwaka huohuo, kundi la Paul Selvin nchini Marekani lilitumia alama ndogo zaidi, likakuta vipokezi vingi vimo ndani ya sinapsi na havitembei sana. Kwa hiyo huenda akiba ya vipokezi vya nje ya sinapsi ilikuzwa na kifaa chenyewe.

Nalikubali pingamizi hilo kuhusu idadi, lakini haliligusi jaribio la kingamwili, ambalo halikutegemea kuhesabu nukta. Tuseme hata kingamwili zilishika zaidi vipokezi vya nje: basi kuvizuia hivyo tu kulitosha kukwamisha uimarikaji, hata kama ni vichache.

Wala pande hizi mbili hazipingani kama zinavyodai. Ushahidi mwingi unaonyesha kwamba vifuko hufungukia nje ya sinapsi, kandokando yake, kwa hiyo hata kipokezi kilichotoka ndani ya seli bado hulazimika kuteleza hadi kinaswe. Linalobaki kubishaniwa ni mpangilio wa muda, na kwa maoni yangu vya jirani ndivyo hutangulia katika dakika za mwanzo, vya ndani vikifuata kuziba nafasi.