Mdogo wangu, andika maneno kwanza

Karibu kila kijana anayenitafuta kuhusu kuchora vibonzo kidijitali huanza na swali lilelile: "Dada, ninunue kifaa gani?" Wengine wameshapiga hesabu ya kishikwambi, wameshaulizia bei Kariakoo, wameshaanza kudunduliza. Najibu kwa kifupi, halafu namuuliza na mimi: huyo mhusika wako anasemaje? Wengi wao hapo ndipo wanaponyamaza. Mhusika wanaye. Ana upanga, ana koti refu, ana kovu jichoni. Bado hajafungua mdomo.

Nina msimamo kuhusu hili, na wapo wenzangu wanaochora vizuri kuliko mimi ambao hatukubaliani. Anayeanza kuchora vibonzo kwa Kiswahili aanze na maneno. Aandike watu wanaambiana nini, ayapange maneno hayo kwenye ukurasa mtupu, na michoro ndiyo itafute pa kukaa. Nitaeleza kwa nini, ila la vifaa tulimalize maana najua hutanisikiliza mpaka liishe.

Kama una simu janja, una pa kuanzia. Programu ya kuchorea ya Ibis Paint X ni bure kwa anayevumilia matangazo. Ina leya, yaani tabaka za kuchorea zinazokaa moja juu ya nyingine, ina brashi kuliko utakazozihitaji mwaka mzima, inatuliza mstari wa mkono unaotetemeka, na ina chombo maalumu cha kugawa fremu, vile vyumba vya picha kwenye ukurasa. Mwenye kompyuta apakue programu ya Krita, bure kwenye tovuti yao wenyewe. Procreate unainunua mara moja tu na ni nzuri kweli, lakini inakaa kwenye iPad pekee, kwa hiyo kama huna iPad achana na mjadala huo. Zile kalamu za ncha ya mpira hazitambui kama umekandamiza kwa nguvu au kwa ulaini. Usihangaike nazo sana. Programu nyingi zinaweza kuunyoosha mstari uwe mwembamba mwanzoni na mwishoni zenyewe, na kidole chako kinatosha kujifunzia. Ubao wa kuchomeka kwenye kompyuta, wa Huion, XP-Pen au Wacom, utakusumbua mwanzoni kwa sababu mkono uko mezani na macho yako kwenye skrini. Hilo huisha.

Ukurasa wa A5 kwa dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi, ni pikseli 1748 kwa 2480. Anza na huo. Ukichukua A4, yaani 2480 kwa 3508, simu yenye kumbukumbu ndogo itaanza kukubania leya, kwa kuwa ukurasa ukikua idadi ya leya inapungua. Hayo ndiyo ya vifaa.

Sasa maneno.

Kosa ninaloliona kwenye kurasa nyingi ninazoletewa linafanana. Fremu imechorwa ikajaa: jengo, mawingu, mhusika kuanzia unyayo hadi utosi. Mwishoni mchoraji anakumbuka kwamba kuna mtu anaongea. Anatafuta nafasi, hapati, anakibandika kiputo, lile duara la maneno, juu ya paji la uso, na kwa kuwa ni kidogo anapunguza herufi mpaka zinakuwa kama sisimizi. Kwa Kiswahili tatizo hili ni kubwa zaidi, kwa sababu neno letu moja linaweza kuwa sentensi nzima. "Hawatakusubiri" lina herufi 14 na huwezi kulikata popote unapotaka. Likiwekwa kwenye kiputo chembamba linagoma. Basi mtu analivunja: "hawat" juu, "akusubiri" chini, na msomaji anajikwaa. Ukilazimika kukata, kata kwenye silabi, "hawata-kusubiri", kama ulimi unavyolitamka. Ila mara nyingi dawa ni kubadilisha sentensi.

Chukua tukio jepesi: konda na abiria ndani ya daladala. Anayeanza huandika hivi:

Konda: "Mama, naomba usogee kidogo kuelekea nyuma ili abiria wengine nao wapate nafasi ya kuingia kwenye gari."

Mama: "Sasa wewe kijana unataka mimi nisogee niende wapi wakati unaona kabisa kwamba gari limeshajaa?"

Hakuna konda Dar es Salaam anayeongea hivyo, na hakuna mama aliyebanwa kwapani mwa mtu mwenye pumzi za kusema yote hayo. Yasome kwa sauti, kata, soma tena:

Konda: "Mama sogea, nyuma kweupe!"

Mama: "Kweupe wapi? Labda kichwani kwako."

Hapo tayari ukurasa umeanza kujichora wenyewe. Fremu ya kwanza ni konda, mdomo wazi, mkono mmoja nje ya mlango. Ya pili haina neno hata moja: uso wa mama katikati ya begi la mwanafunzi na kiwiko cha mzee. Ya tatu ni jibu la mama. Ya nne konda anashika kofia yake. Hujachora mstari wowote na tayari unajua kwamba fremu ya pili ndiyo ya kuipa ukubwa, kwa sababu pale ndipo mama anapomeza hasira kabla ya kuitema.

Fungua leya ya maandishi, andika mistari hiyo pale itakapokaa, zungushia viputo, halafu ndiyo uchore chini yake. Tunasoma kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo anayeanza kusema akae kushoto na kiputo chake kiwe juu zaidi. Ukichora watu kwanza utajikuta anayejibu amesimama kushoto, na mikia ya viputo inapishana kama nyaya za umeme mtaani. Ndani ya kiputo, mstari mrefu ukae katikati, mifupi juu na chini, na uache hewa pembeni. Weka maneno machache kuliko unavyoona yanatosha.

Kuna jambo la fonti ambalo sijaona likielezwa kwa Kiswahili. Kiswahili hakina alama juu ya herufi, kwa hiyo karibu fonti yoyote ya vibonzo inatufaa. Lakini fonti nyingi za aina hiyo zimetengenezwa kwa kuwafikiria wanaoandika Kiingereza: ukibonyeza I kubwa unapata ile yenye vijiti juu na chini, na ukibonyeza i ndogo unapata kijiti kitupu. Ile yenye vijiti wao huiweka kwa neno lao la "mimi" linalosimama peke yake. Sisi hatuna neno la namna hiyo. Ukiwasha herufi kubwa na kuandika SIKILIZENI, neno zima linajaa ngazi. Andika kwa herufi ndogo, fonti yenyewe itazigeuza kuwa kubwa, na I zote zitatoka nyembamba. Angalia pia ng' ya ng'ombe na ya kung'oa. Fonti nyingine huisukuma ile alama mbali mpaka neno linaonekana mawili, na hapo itabidi uisogeze kwa mkono. Na kabla hujauza kazi, soma masharti ya fonti uliyopakua. Nyingine ni bure kwa matumizi binafsi tu.

Kupima ukubwa wa herufi ni rahisi. Jitumie ukurasa WhatsApp, ufungue bila kuukuza. Ukilazimika kuvuta kwa vidole viwili, herufi ni ndogo. Wasomaji wako wengi watakusomea hapohapo, kwenye status, wakiwa kwenye foleni. Na unapomtumia mtu kazi ya kuchapwa, itume kama dokumenti, kwa kuwa ikienda kama picha ya kawaida WhatsApp huibana na ubora unapotea.

Maneno ya kibonzo hayakai kwenye kiputo peke yake. Mwanamke wa kwetu akiingia kwenye fremu amejifunga kanga, amekuja na jina la kanga. Anaweza kumjibu jirani yake bila kufungua mdomo, na msomaji wa pwani atalitafuta jina hilo kwa macho kabla hajaangalia sura. Nyuma ya daladala pana maandishi, kwenye kioo cha saluni pana maandishi, mlangoni mwa duka pana la kukataa mkopo. Nashangaa vijana wanaochora mtaa wa Tokyo kwa umahiri wote huo na kuacha utajiri huu umelala barabarani. Na sauti pia. Walimu wetu walitukaririsha tanakali bila kujua wanatufundisha vibonzo: mtu akianguka chini kwa kishindo ni pu, majini chubwi, mchangani tifu, matopeni tapwi. Hapo umeshamwambia msomaji ameangukia wapi hata kama hujui kuchora tope. Yale ma-BOOM na ma-CRASH ya kuazima waachie wenyewe.

Wanaonipinga hunitajia Gado, yaani mchora katuni Godfrey Mwampembwa, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyejijengea jina Nairobi. Wanasema katuni zake nyingi picha peke yake inatosha kumvua mkubwa nguo. Kweli kabisa. Lakini katuni ya gazeti ni fremu moja, na msomaji anaifikia akiwa ameshasoma habari yenyewe. Maneno yako kwenye vichwa vya habari, ameyabeba kichwani tayari. Hadithi yako ya kurasa nne kuhusu binti wa Mbagala haina gazeti la kuibeba. Waliokua wakisoma jarida la vibonzo la Sani waulize kuhusu wahusika wake, Ndumilakuwili, Lodi Lofa au Madenge, watakusimulia vituko na kauli zao, hawatakuambia mkono ulichorwaje. Juha Kalulu, mhusika wa Edward Gitau, alidumu kwenye gazeti la Taifa Leo la Kenya miongo na miongo kwa mistari myepesi tu. Kipanya, yule panya wa mchora katuni Masoud Kipanya, mara nyingi yuko pembeni ya picha, na kaneno kake kadogo ndiko watu wanakokarudia kijiweni. Na Shujaaz, vibonzo vya vijana vya Kenya vilivyoanza 2010, viliwanasa vijana kwa Sheng, lugha wanayoisema wao kwa wao.

Sisemi usijifunze kuchora. Jifunze, tena kila siku, na nyingi ya kazi hiyo fanya kwa kalamu ya wino kwenye daftari, kwa sababu daftari halina kitufe cha kurudi nyuma. Kaa kituoni, chora watu wanavyosimama: anayesubiri gari, anayemsubiri mtu, anayejifanya anasubiri. Usichore sura zao, chora mabega na magoti. Anayeanza kwenye skrini huvuta karibu mpaka jicho moja linajaza simu nzima, anatumia saa nzima kwenye kope, halafu kwenye ukurasa jicho lile ni nukta. Chora ukiwa unauona ukurasa wote. Vuta karibu mwishoni tu, kusafisha.

Angalia pia picha unazozichukua intaneti za kutazamia. Mabasi mengi utakayoyapata ni ya nchi zinazoendesha upande wa kulia, na mlango wake uko kulia. Ukiiga hivyohivyo, konda wako atamshusha yule mama katikati ya Barabara ya Mandela. Daladala yetu mlango uko kushoto. (Mabasi ya mwendokasi yana habari yake, kwa sababu vituo viko katikati ya barabara.) Msomaji anaweza asijue ni nini hasa kimemkera, lakini ataona kwamba huyu mchoraji hajapanda gari.

Rangi: chagua tatu, uzirudie. Ukitarajia kuchapa, jua kwamba ile kijani inayong'aa kwenye skrini itafifia kwenye karatasi. Kivuli kimoja kinatosha. Hifadhi kazi yako nje ya simu kila unapofunga siku, maana simu za mjini zinatembea na wenyewe kwa muda tu. Jina lako liandike ndani ya fremu, si pembeni ambapo mtu anaweza kulikata.

Na usianze na lile simulizi la juzuu kumi ulilolibeba tangu kidato cha pili. Liache liive. Anza na ukurasa mmoja wa fremu nne, ukiisha fanya mwingine wenye watu wengine. Simulizi refu humchosha anayeanza kwa sababu mkono unabadilika haraka. Ukifika ukurasa wa ishirini utauchukia wa kwanza, utarudi kuuchora upya, na hapo ndipo kazi inapokufa.

Ukimaliza ukurasa wa konda na mama, mpe mtu wa nyumbani asiyejua umeuhangaikia kiasi gani. Mpe simu, kaa kimya, mwangalie macho. Usimweleze chochote. Akiuliza "anayesema hapa nani?" mkia wa kiputo umeelekea kusiko. Akirudi nyuma kusoma fremu upya, mpangilio umempoteza. Na akiangua kicheko kwenye ya tatu, halafu ya nne akaipita bila kuitazama, ifute hiyo ya nne, na nafasi yake mpe yule mama aliyebanwa.