Joe Clay na Deni la Glasi ya Kwanza: Uchambuzi wa Days of Wine and Roses

Filamu ya Days of Wine and Roses, iliyoongozwa na Blake Edwards na kutolewa mwaka 1962, inaishia kwenye uamuzi mgumu kuutolea hukumu. Joe Clay, anayeigizwa na Jack Lemmon, ameacha pombe na anamlea binti yake, Debbie. Mkewe Kirsten, anayeigizwa na Lee Remick, anamjia usiku akiwa na siku chache tu tangu aache kunywa, akiomba waishi tena kama zamani. Hayuko tayari kukiri kwamba ni mlevi, wala kuahidi kwamba hatakunywa tena. Joe anamkatalia, naye anaondoka. Je, alimtendea haki?

Hoja za kumtetea Joe ni nzito, na filamu imezijenga kwa subira. Walikwisha kujaribu kuacha pombe pamoja, wakahamia kwa baba yake Kirsten, Ellis Arnesen, na kufanya kazi katika kitalu chake cha mimea, ambako walikaa muda bila kunywa. Kisha Joe akaingiza chupa kwa siri, na usiku huohuo akaivuruga nyumba ya vioo ya mzee huyo, akipasua vyungu na kung'oa miche kwa mikono, akitafuta chupa aliyokuwa ameificha humo. Hata baada ya kulazwa hospitalini na kujiunga na kundi la Alcoholics Anonymous (AA), la walevi wanaosaidiana kuacha pombe, aliitwa na Kirsten aliyekuwa amelewa katika hoteli moja ya kando ya barabara, akaenda kwa nia ya kumsaidia, na akaishia kunywa naye. Mtu aliyepitia hayo anajua kwamba huruma yake ndiyo njia ambayo pombe huitumia kumrudia. Anapomwambia Kirsten kwamba ndoa yao ilikuwa ya watu watatu, yeye, mkewe na pombe, na kwamba sasa pana nafasi ya wawili tu, anasema kweli ambayo wote wawili wameilipia. Tena yupo mtoto, ambaye hakuchagua lolote kati ya hayo.

Hata hivyo, upande wa pili haupaswi kupuuzwa, na kwangu mimi ndio wenye uchungu zaidi. Kirsten hakuwa mnywaji walipokutana San Francisco. Alikuwa karani asiyependa pombe lakini anayependa sana chokoleti, na Joe, ambaye kazi yake ya uhusiano wa umma ilimtaka anywe na wateja, akamwagizia kinywaji cha brandi chenye ladha ya chokoleti. Baada ya Debbie kuzaliwa, Kirsten alijizuia kunywa kwa ajili ya mtoto, lakini Joe alirudi nyumbani akiwa amelewa na kumlaumu kwamba hanywi naye tena. Mwanamke huyo aliingia katika pombe ili asimpoteze mumewe. Baadaye mume akapata njia ya kutokea, na mke akaambiwa aitafute mwenyewe. Anaposema kwamba dunia humwonekania chafu asipokunywa, hasemi maneno ya mtu mkaidi, bali ya mgonjwa. Chama cha madaktari wa Marekani kilikuwa kimekwisha kuutambua ulevi kama ugonjwa tangu mwaka 1956, na filamu yenyewe inauchukulia hivyo inapomwonyesha Joe hospitalini. Lakini inapofika kwa Kirsten, uponyaji unaonekana kutegemea zaidi nia yake ya kukiri.

Wapo watakaosema pia kwamba filamu inalipigia debe mno kundi la AA. Sioni uzito mkubwa hapo, kwa kuwa mtu wa kundi hilo aliyemsaidia Joe hakuweza kumzuia kurudia pombe.

Kwa hukumu yangu, Joe alikuwa na haki ya kukataa, na Edwards alikuwa na haki ya kutotulegezea mwisho. Katika The Lost Weekend ya Billy Wilder, ya mwaka 1945, mlevi anaitumbukiza sigara yake katika glasi ya wiski na kuazimia kuandika riwaya, na mtazamaji anatoka akiwa ameliwazwa upesi kuliko ugonjwa wenyewe unavyoruhusu. Pungufu ninaloliona katika filamu ya Edwards ni jingine. Joe anapokwenda kwa Ellis na fedha za kulipia uharibifu wa kitalu, mzee anamkasirikia kwa ajili ya binti yake Kirsten, kwa sababu hasara ile haina bei. Hapo ndipo deni halisi la Joe linapotajwa waziwazi. Katika mazungumzo ya mwisho na Kirsten, deni hilo linasogezwa pembeni na mzigo wote unamwangukia yeye asiyetaka kukiri. Joe angeweza kumkatalia kurudi na papo hapo akamkumbusha ni nani aliyemwagizia glasi ya kwanza. Debbie angebaki salama vilevile, na Kirsten asingeondoka akiwa amebeba hatia ya watu wawili.