Msimwambie dogo kompyuta itamalizia

Jumamosi nilimsindikiza mtoto wa dada yangu studio, hapa Mwanjelwa, jijini Mbeya. Hela ya kurekodi alijichanga mwenyewe tangu Pasaka, kwa kubeba magunia ya viazi sokoni. Akavaa hedifoni, biti ikaanza, akachana rap yake. Mstari wa sita pumzi ikakata, neno la mwisho akalimeza. Akamwangalia prodyuza kwa aibu. "Usijali dogo, twende tu, kompyuta itamalizia."

Maneno hayo yameniuma mpaka leo. Kijana wa miaka kumi na tisa katoka pale akiamini kazi ya mdomo wake itafanywa na mashine.

Kompyuta anayoisema ni Auto-Tune, programu ya kunyoosha sauti. Ilitoka mwaka 1997, na mwaka uliofuata dunia ikaisikia waziwazi kwenye wimbo wa Cher. Inachofanya ni kuisogeza sauti iliyopinda mpaka kwenye noti iliyo karibu. Basi. Haikupi pumzi, wala haijui neno "barabara" linakanyagwa wapi. Sawa, nakubali kwamba zipo nyimbo ambazo ladha yake ni ile sauti iliyonyooka kupita kiasi, hata mimi nazipenda mbili tatu. Lakini pale mtu kaichagua rangi hiyo. Dogo alikuwa anafichiwa kidonda.

Kidonda chenyewe ni mkazo. Kiswahili kwa kawaida kinakanyaga silabi ya pili kutoka mwisho, na biti ya hip-hop inagonga sneya, ile ngoma yenye mlio mkali, kwenye pigo la pili na la nne. Silabi nzito ikikutana na sneya, abiria aliyekaa siti ya nyuma ya daladala analishika neno hata kama spika imechoka. Zikipishana, neno linavunjika mbele ya masikio yake.

Dogo ana mstari unaoishia "nimeijua barabara". Anamaanisha njia, ile anayotaka kuifuata maishani. Barabara ya magari tunaitamka ba-ra-BA-ra. Yeye sneya ilimkuta kwenye ba-RA-ba-ra, na hilo ni neno lingine kabisa, lenye maana ya sawasawa. Kwa hiyo wimbo mzima unaelekea kwenye njia, halafu ukifika kileleni njia yenyewe haipo. Kompyuta gani itarekebisha hapo? Noti zote zilikuwa sahihi!

Jumapili jioni tulikaa uani, mimi nikigonga ndoo. Dawa ilikuwa ndogo: auanze mstari silabi moja mapema. Ilichukua kama mara ishirini. Ile BA ilipotua juu ya ndoo, mama yake alichungulia kutoka jikoni akauliza, "Barabara gani hiyo mnayoimba?" Mara ya kwanza mtu kuisikia.

Kuna na hili la "mtu" na "nchi". Wengi wanameza ile M na ile N, wanaruka moja kwa moja kwenye silabi ya mwisho. Jamani, M ya "mtu" ni silabi kamili, tena ndiyo yenye mkazo. Funga midomo, iache ivume puani kidogo, ndipo uachie "tu". Naelewa kosa linatoka wapi. Vijana wanajifunzia flo kwa Wamarekani, na Kiingereza kina maneno tele ya silabi moja yanayoweza kugonga mwisho wa mstari kama nyundo. Maneno yetu mengi yana mkia, ile silabi nyepesi baada ya mkazo. Ukiiga nyundo yao unaukata mkia, na maana inatoka nao. Huu ni mji uliompeleka Sugu bungeni mwaka 2010, mtu aliyekuwa akichana kwa Kiswahili tangu miaka ya 1990. Haiwezekani leo tuione lugha yetu kuwa mzigo kwenye biti.

Tena mababu walishatupimia. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, yaani silabi 16, nane kwa nane, na katikati pana kituo. Baa moja ya biti, yaani mapigo manne, kila pigo ukiligawa mara nne, ina nafasi 16. Kwa biti ya mapigo 90 kwa dakika, ukizijaza zote unatema silabi sita kila sekunde, na baa 16 zinaisha kwa sekunde kama 43. Sasa utavuta hewa saa ngapi? Dogo alikuwa amejaza kila nafasi, mistari sita mfululizo, katika mji ulio mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari. Pumzi inaandikwa kwenye daftari pamoja na maneno. Toa neno moja, weka mkwaju, ile alama ya /, vuta hewa hapo. Na ukivuta, mabega yasipande. Weka kiganja chini ya mbavu, pale ndipo panapotakiwa kutanuka.

Mengine ni madogo. P na B zinapiga maiki kofi, geuza mdomo pembeni kidogo. Kiitikio kiimbe kwa irabu zilizo wazi, usikipigie kelele. Na baridi yetu ya Juni si ya kuchezea: usiingie kurekodi asubuhi na koo la usingizini, vuma kwanza midomo imefungwa, dakika kumi.

Nyie maprodyuza mnaosoma hapa, nawaheshimu, najua foleni ya wateja na bili ya umeme. Lakini dakika tano za kumwambia kijana "rudia, kanyaga hapa" hazitawafilisi. Mwambieni ukweli akiwa bado mbele ya maiki.

Jumamosi hii tunarudi. Saa ya ziada nimeilipia mimi. Daftari lake lina mikwaju minne ya wino mwekundu, na ile BA kaiandika kwa herufi kubwa.